Hesabu watu kwanza, pesa baadaye

  Shule zikikaribia kufungwa mwishoni mwa mwaka, kuna swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za mjini, kuanzia Nairobi hadi Eldoret. Je, mwaka huu twende mashambani kama kawaida, au tujikaze sote twende tukaone bahari?

Zamani mtu akisema anakwenda pwani kwa likizo, tulijua kwamba anakwenda hotelini, yeye na mkewe na watoto wawili, basi. Siku hizi mambo yamebadilika. Ukoo mzima huungana, ukakodi nyumba moja kubwa kwa siku kadhaa, kila mtu na sufuria yake. Hesabu yake ni rahisi kuelewa. Hoteli huhesabu vichwa, lakini nyumba huhesabu usiku. Mkiwa watu 20 na zaidi, hoteli itawamaliza. Nyumba, hata ikiwa ghali, mkiigawanya inabebeka.

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kupanga safari ya aina hiyo. Sitawafundisha kama mwalimu, maana mimi mwenyewe niliwahi kuipanga nikaiharibu. Nitawaeleza kosa langu, na aliye na masikio na asikie.

Mama yetu alizaa watoto sita. Mimi ni wa pili. Mwaka 2018, akiwa na miaka 74, mama alituambia neno moja tu: angependa kuiona bahari, na angependa kuiona akiwa na watoto wake wote. Sisi tuliozaliwa bara tunajua kwamba wazee wetu wengi wameisikia bahari redioni tu. Basi tukakubaliana kwa kauli moja kwamba Desemba hiyo tungempeleka. Tulijihesabu: mama, watoto wake sita, wake na waume watano kwa kuwa dada yetu mmoja ni mjane, na wajukuu 11. Jumla watu 23. Nikateuliwa kuwa mpangaji, na kusema kweli nilijiona mkubwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata nyumba. Hapa, wasikilizaji, fungueni macho. Nilitumiwa picha za nyumba nzuri ajabu, ghorofa mbili, bwawa la kuogelea, minazi kila upande, na bei ya kutamanisha. Mwenye kunitumia akataka nilipe zote kwa simu siku hiyo hiyo, eti kuna mteja mwingine anangoja. Namshukuru Mungu kwamba nina rafiki anayeishi Mtwapa. Nilimwomba apite aone. Alinipigia simu akiwa papo hapo: kiwanja kilikuwapo, na ndani ya kiwanja kulikuwa na mbuzi wawili na shimo la msingi. Nyumba haikuwapo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, mpate mtu wa kwenda kuiona nyumba kwa macho yake. Mkilipa, lipeni kiasi tu kwanza, yaani arabuni, na zilizobaki mzitoe mkishapewa ufunguo mkononi.

Na huyo mtu wenu akienda, asiangalie bwawa na mapazia tu. Aulize maji yanatoka wapi, na tangi ni la ukubwa gani, kwa sababu watu 23 wakioga baada ya kutoka baharini, tangi dogo halifiki jioni. Aulize kama maji ya bombani ni ya chumvi. Ahesabu vyandarua, ahesabu magodoro, aangalie kama kuna chumba cha kulala chini kwa ajili ya mzee asiyeweza kupanda ngazi. Aulize mtungi wa gesi unajazwa na nani. Mambo haya madogo ndiyo hugeuka kuwa magomvi usiku wa pili.

Mwishowe nilipata nyumba ya vyumba vitano huko Kikambala, mbele kidogo ya Mtwapa, kwa shilingi 15,000 kwa usiku. Usiku tano, shilingi 75,000. Chakula na matumizi mengine nikayakadiria kuwa 45,000. Jumla 120,000. Tulikuwa nyumba sita, kwa hiyo nikachukua karatasi nikagawanya kwa sita: kila nyumba 20,000, na nauli kila mtu ajitegemee. Niliituma ile hesabu katika kundi letu la simu. Wa kwanza akajibu sawa, wa pili akajibu sawa, na wote wakajibu sawa. Nikaona nimetenda haki kama mizani ya dukani.

Siku mbili kabla ya safari, kitindamimba wetu akatuma ujumbe. Yeye ni fundi wa kuchomea vyuma huko Nakuru, ana mke na watoto watatu. Ujumbe ulisema mtoto wake wa mwisho ameshikwa na homa, hivyo wao hawataweza kuja, na sisi twende salama. Na mchango wake hakuwa ameutuma.

Wasikilizaji, ningetaka kuwaambia kwamba nilimpigia simu kuuliza hali ya mtoto. Sikumpigia. Nilichukua tena karatasi yangu, nikagawanya 120,000 kwa tano, ikawa 24,000. Nikatangaza kwamba kila nyumba iongeze 4,000. Watu wakanung'unika, lakini wakatoa.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 21 Desemba kwa gari la moshi, hili la reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Ni usafiri mzuri kwa wazee na watoto, kwa sababu mtu anaweza kusimama akanyoosha miguu. Ila kumbukeni mambo mawili. Viti vya Desemba huisha mapema sana, basi msingoje hadi wiki ya mwisho. Na nauli nayo si ile ya mwanzo: mapema mwaka 2024 ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tena gari haliwafikishi mjini, linawashusha Miritini, na kutoka hapo mnahitaji matatu ya kuwapeleka mlikokodi. Mizigo ya ukoo mzima si mchezo. Pangeni matatu hiyo kabla hamjaondoka nyumbani.

Tukafika usiku, tukalala. Asubuhi, kwenye saa nne hivi, tukamshika mama mkono, tukampeleka ufuoni kwa shangwe, watoto wanakimbia mbele. Tulipofika, tukasimama. Mbele yetu palikuwa na mchanga, mawe, majani ya bahari na vidimbwi, na mbali sana, karibu na mwamba, ukanda mweupe wa mawimbi. Mama akatazama, akatugeukia, akauliza kwa upole: "Wanangu, bahari imekwenda wapi?"

Watu wa pwani mnaonisikiliza najua mnacheka, na mna haki. Siku hiyo, tarehe 22, mwezi ulikuwa mpevu. Nasi watu wa bara hatukujua kwamba bahari ina ratiba yake. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiandama, ndizo siku za bamvua: maji hujaa sana na hukauka sana. Katika pwani yetu, siku hizo maji huwa yamejaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na huwa yametoka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, hayo ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana, na mkiamka mkanywa chai mnayakuta karibu yenu. Kwa hiyo, ndugu yangu wa bara, kabla ya kuchagua tarehe, tazama mwezi. Haulipishwi.

Alasiri tulirudi, na bahari ilikuwa imerudi pia. Mama alivua viatu, akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, akainama, akachota maji kwa kiganja akayaonja. "Kweli ni chumvi," akasema. Kisha akakaa mchangani kwa muda mrefu bila neno. Alipoinuka aliuliza: "Na yule mtoto wa Nakuru, homa yake inaendeleaje?" Tukatazamana. Hapakuwa na mtu aliyejua.

Siku zikaenda. Sisi wanaume tulikaa chini ya mnazi tukinywa madafu na kuzungumzia siasa. Wake zetu na dada zetu walikuwa jikoni. Chai ya watu 18, vyombo. Chakula cha mchana cha watu 18, vyombo. Chakula cha jioni, vyombo. Siku ya tatu shemeji yangu mmoja alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mimi sikuja likizo. Mimi nimehamisha sufuria kutoka Nairobi hadi Kikambala." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Usiku wa Krismasi, tukiwa mezani, maneno yakaanza. Mmoja akasema kitindamimba siku hizi anajitenga. Mwingine akasema ametutia hasara ya 4,000 kila mmoja, na angalau angejulisha mapema. Mimi mpangaji nikaongeza kwamba mtu mzima hushika neno lake. Mama alikuwa akisikiliza. Aliinuka, akatuaga, akaenda kulala kabla ya wajukuu.

Mwanzoni mwa Januari nilimrudisha mama nyumbani. Tulipokuwa njiani, mimi na yeye tu, akaniambia: "Mwanangu, yule mtoto hakuwa na homa." Nikanyamaza. Akaendelea. Kitindamimba alikuwa ametengeneza mageti mawili makubwa, na mwenye kuyaagiza alikuwa hajamlipa. Alikuwa na deni la kodi ya nyumba ya miezi miwili, na karo ya Januari ilikuwa inamkodolea macho. Alijaribu kukopa zile 20,000, akakosa. Aliona aibu kulisema hilo mbele ya ndugu watano ambao wote walikuwa wamekwisha kuandika "sawa". Kwa hiyo akamtafutia mtoto homa. Mama alilijua jambo hilo siku ile ile, lakini aliapishwa asiseme. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa, wasikilizaji, chukueni karatasi mfanye hesabu pamoja nami, maana mimi niliifanya usiku ule ikaninyima usingizi. Kama kitindamimba angesema "sina", na sisi tungesema "njoo hivyo hivyo", zile 120,000 zingegawanywa kwa nyumba tano. Kila nyumba ingetoa 24,000. Na tulitoa kiasi gani? Tulitoa 24,000. Nyumba haikupungua bei kwa sababu yeye hakuja. Chakula tulichonunua kwa ajili ya watu 23 kililiwa na watu 18, na kingine kilioza tukakitupa. Tulilipa gharama yote ya kuwa na ndugu yetu, kisha ndugu yetu tukamkosa. Na mama aliyeomba kuiona bahari akiwa na watoto wake wote, aliiona akiwa na watano.

Kosa langu halikuwa katika kugawanya. Hata mtoto wa darasa la nne anajua kugawanya kwa sita. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kugawa sawa ndiko kugawa kwa haki. Shilingi 20,000 kwa kaka yangu mkubwa mwenye duka la jumla ni mauzo ya asubuhi. Kwa fundi wa vyuma ambaye hajalipwa ni kodi ya nyumba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wamenyonya titi moja. Jambo la ajabu ni kwamba tukiwa na msiba au harusi sisi hatufanyi hivi. Katika harambee mmoja hutoa elfu kumi, mwingine mia tano, mwingine huleta kuku, na wote huandikwa katika daftari moja na kushukuriwa. Iweje tukienda kufurahi tunageuka kuwa wenye mizani?

Mwaka uliofuata, Agosti 2019, tulijaribu tena. Safari hii nilimwambia mama awe mweka hazina. Kila mmoja alimpelekea alichonacho, wengine kwa bahasha, wengine kwa simu, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza mwenzake ametoa kiasi gani. Tulichagua Agosti kwa kuwa bei ya Desemba huwa juu. Nyumba ile ile tulipewa kwa shilingi 10,000 kwa usiku. Ni kweli Agosti ni wakati wa kusi, upepo unavuma na nje ya mwamba bahari huchafuka, lakini watoto walioga ndani ya mwamba wakafurahi, na jua halikuwachoma kama lile la kaskazi. Tena safari hii tulitazama mwezi, tukaenda ukiwa nusu.

Gharama tulizikadiria kuwa 100,000, tukiwa tumemhesabu na mama mmoja wa hapo Kikambala wa kutupikia. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka ambao wake zetu huusimulia hadi leo. Vyombo tuliviosha sisi wanaume kwa zamu, jina la kila mtu likiwa limebandikwa kwenye friji. Yule shemeji wa mwiko alikuwa akipita jikoni kututazama tu. Kitindamimba alikuja na mkewe na watoto wote watatu, na gunia la viazi alilolipakia kwenye basi kutoka Nakuru. Viazi vile tulivila siku zote tano.

Bahasha za mama zilipofunguliwa zilikuwa na jumla ya shilingi 108,000. Nani alitoa nyingi na nani alitoa kidogo, sijui. Zile 8,000 zilizobaki mama hakutuambia zilikwenda wapi, nasi hatukumuuliza. Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, nilimwona amesimama mlangoni akihesabu ndala kwa kidole. Jozi 23. Akasema, "Sasa tumefika," akaenda zake chumbani.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni: bwana we, kwetu kuna ndugu mmoja mzembe, ukimwambia alete anachoweza hataleta kitu, atakuja na mdomo tu. Huenda ni kweli. Kila ukoo una mtu wake. Lakini mzembe mnamjua tangu utotoni, na mnaweza kumwita kando mkamwambia ukweli, au mkamkabidhi zamu ya vyombo siku zote tano. Wa kuogopwa zaidi ni yule asiyesema kitu, yule anayejibu "sawa" upesi, kisha siku mbili kabla ya safari mtoto wake anashikwa na homa. Huyo hamtamwona kwa kutazama karatasi. Mtamwona mkimpigia simu mapema, mtu mmoja kwa mtu mmoja, na kumuuliza bila ya kundi zima kusikia: "Ndugu yangu, mwaka huu mambo yakoje?"

Basi mkikaa kupanga likizo ya ukoo, anzeni kwa kuhesabu watu. Semeni nani lazima awepo ili safari iwe na maana. Kisha ndipo mtafute tarehe, mtazame mwezi, mtume mtu akaone nyumba, na mwisho mzungumze pesa, kila mtu kwa uwezo wake na kwa siri yake. Mkizitanguliza pesa, pesa ndizo zitakazochagua nani ni ndugu yenu.

Kabla ya kuja hapa studioni nilimwomba kitindamimba ruhusa ya kuyasema haya. Alicheka, akanijibu: "Sema tu, kaka. Labda utawaponya watoto wengi homa."